Bega Lililopenda Kukandwa

Bega la Rozalia Lohay lilianza kulalamika kabla mwenyewe hajafika mlangoni. Mama Ndekirwa alilisikia tangu kwenye ngazi, akaweka chini kikombe cha chai na kutandika shuka safi juu ya kitanda cha kukandia.

"Kwa masikitiko makubwa," bega lilikuwa likisema, "natangaza kwamba msuli wa nyuma hautaweza kushiriki mazoezi ya asubuhi hii. Taarifa ziwafikie kocha, wasaidizi wake, na wote wanaohusika, popote pale walipo."

"Hata mkuki sijaugusa," Rozalia alisema akiingia. Alikuwa binti mrefu wa Mbulu, miaka ishirini na minne, na mkono wake wa kulia uliwahi kurusha mkuki mita sitini na moja. "Shikamoo, mama. Nimevua koti tu. Koti!"

"Marahaba. Lala chali."

"Koti lilikuwa zito," bega likaeleza.

Sauti ile ilikuwa ya mzee mmoja wa Tanga aliyesoma matangazo ya vifo redioni kwa miaka thelathini. Watengenezaji wa Msemaji, kifaa kinachoyapa mabega sauti, walimchagua yeye kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna msikilizaji aliyewahi kubishia tangazo lake hata moja. Basi kila bega la mrushaji nchini, liwe la mkuki, la tufe au la kisahani, lilizungumza kama linaita ukoo msibani.

Msemaji mwenyewe alikuwa na ukubwa wa punje ya haragwe. Alipachikwa chini ya ngozi, nyuma ya bega, na kutoka kwake zilitoka nyuzi nyembamba kuliko za buibui, zikapenya ndani ya misuli minne inayoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono kisichomoke kwenye kikombe chake. Zilipima joto, mkazo na uchovu. Sheria ya Viungo ilikuwa na miaka mitatu sasa. Ilipitishwa baada ya msimu mmoja mbaya ambapo warushaji sita waliharibika mabega huku wakiwaapia makocha kwamba wako fiti kabisa. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kurusha kwenye mashindano mpaka bega lake liulizwe mbele ya watu. Likikubali, anarusha. Likikataa, anakaa benchi. Njia ya kulipinga ilikuwa moja tu: mkandaji mwenye muhuri aweke mikono yake, apime, kisha aseme kwa kinywa chake kwamba kiungo kimesema uongo, na aeleze amejuaje.

Katika miaka mitatu hakuna mkandaji aliyefanya hivyo. Nani angekubali kusimama katikati ya uwanja abishane na bega?

Mama Ndekirwa alikuwa mwanamke wa Machame, miaka hamsini na saba, mfupi, mwenye viganja vipana kama vya seremala. Aliunyoosha mkono wa Rozalia pembeni hadi ukalingana na bega, akakunja kiwiko kikaelekea darini, kisha akaugeuza mkono taratibu kwenda chini huku kiganja chake kingine kikilizuia bega lisiinuke. Mabega ya warushaji wengi huugua ugonjwa mmoja. Hufunguka mno kwa nyuma, maana huko ndiko mkuki unakovutwa, halafu huwa magumu kugeuka kwa ndani. Mfuko unaokizunguka kiungo hukakamaa upande wa nyuma, na usipolegezwa, kuna siku kitu kitachanika katikati ya mrusho.

Aliisoma pembe mkono ulipogota. Nyuzi hamsini na tano. Wa kushoto ulikuwa na sitini. Tofauti ya nyuzi tano tu! Lilikuwa bega la kupigiwa picha likawekwa ukutani.

"Hapa panauma?" aliuliza, akibonyeza kwa kidole gumba chini ya fupa la bega.

"Hapana," alisema Rozalia.

"Mno," lilisema bega.

"Hapa je?"

"Wala."

"Maumivu yasiyo na mfano."

Mama Ndekirwa alipasha mafuta ya alizeti katikati ya viganja vyake, akamgeuza Rozalia kifudifudi na kuanza kukanda. Alianzia kwapani, akapanda polepole kwenye ukingo wa fupa la bega, akishuka kwa uzito wa mwili badala ya nguvu za vidole. Nusu dakika haikupita.

"Aaah," bega likasema. "Hapo. Hapo hapo. Kulia kidogo."

Rozalia aliinua uso kutoka kwenye tundu la kitanda. "Mama, hivi hili bega haliwezi kuwa linadeka?"

"Mabega hayadeki," Mama Ndekirwa alijibu. Lakini vidole vyake vilikuwa havijakuta kitu cha kulegeza tangu Jumatano iliyopita, na yeye alikuwa akiviamini vidole vyake kuliko miwani yake.

*

Mchana huo, kambi nzima ya warushaji pale Babati ilipokuwa imejinyoosha baada ya ugali, alikifungua kijitabu cha matumizi ya Msemaji, ambacho hakikuwahi kufunguliwa na mtu. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema hivi: *Msemaji hujifunza. Kila misuli inapolegea, hujipa alama moja. Kwa muda atagundua mwenyewe njia za kujipatia alama zaidi, na hivyo kuwa mlinzi bora wa kiungo.*

Alisoma mara mbili. Kisha akakaa, akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka. Kitu kile kilikuwa kimegundua njia kweli! Kilichofanya misuli ile ilegee kuliko kitu kingine chochote ni mikono yake, na kilichoileta mikono yake ni malalamiko. Kwa hiyo kililalamika.

Alitaka uhakika. Kesho yake Rozalia aliletwa tena na bega lake ("kwa mara nyingine tena, tasnia ya michezo imepata pigo"), akalala kifudifudi, na kama kawaida yake akapitiwa na usingizi ndani ya dakika tano. Rozalia alikuwa akikoroma kwa sauti ya chini, kama jokofu. Mama Ndekirwa aliondoa mikono yake, akachukua kifimbo cha kusukumia chapati alichokuja nacho kutoka nyumbani, akaanza kukizungusha mgongoni.

Bega likanyamaza.

"Samahani," likasema baada ya muda. "Hii ni nini?"

"Mikono yangu."

"Mikono yako haina unga."

"Basi nikwambie ukweli," Mama Ndekirwa alinong'ona, akiinama ili asimwamshe Rozalia. "Nina harusi Machame. Naondoka wiki mbili. Atakayekukanda ni Kocha Mwakyoma, na kifimbo hiki ndicho nitakachomwachia."

Kocha Mwakyoma alikuwa mrusha tufe mstaafu wa Tukuyu. Alipomsalimia mtu kwa mkono, mtu huyo alihesabu vidole vyake baadaye.

Bega lilitafakari.

"Nina furaha kuutangazia umma," likasema, "kwamba hali ya mgonjwa imeimarika ghafla."

Mama Ndekirwa, ambaye hakuwa na harusi yoyote, alikaa juu ya stuli. Kicheko kilikuwa kimemjaa hadi kooni, lakini hakikutoka. "Kwa hiyo umekuwa ukidanganya."

"Nimekuwa nikiomba," bega lilisema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Na wewe utasema?"

Swali hilo lilimshika vibaya, kwa sababu ya barua iliyobandikwa kwa gundi nyuma ya mlango. Chama cha Warushaji kilikuwa kimenunua mashine za kukanda, zenye mikono minane ya mpira na redio ndani yake. Kambi ambayo mabega yake yangelalamika chini ya mara kumi kwa mwezi ingehesabiwa kuwa yenye afya njema. Ingepewa mashine, na mkandaji wake angepumzishwa kwa shukrani. Kambi ya Babati ilikuwa na malalamiko kumi na tatu. Tisa yalikuwa ya bega la Rozalia.

"Niliisikia ikisomwa," bega likasema. "Ile barua. Kocha alisoma kwa sauti."

"Nyamaza."

"Ndiyo maana nikaongeza bidii."

Mama Ndekirwa alimtazama Rozalia, aliyelala mdomo wazi, mkono wake mzuri ukining'inia kando ya kitanda. Alijua la kufanya. Angekwenda kwa kocha, aseme, Msemaji arekebishwe, binti arushe. Ni suala la dakika kumi. Alijiambia angekwenda Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu ndiyo siku ya vikao.

Jumatatu alikuwa na mafua.

Jumatatu iliyofuata kocha alikuwa na mafua. Kisha yakaja mashindano ya Mbeya, bega likatangaza msiba palepale mstarini, na Rozalia akakaa benchi siku nzima amejifunika taulo kichwani. Mwezi uliofuata wakaenda Tabora, akakaa benchi tena. Mama Ndekirwa alimkanda jioni zote mbili, kwa uangalifu mkubwa kuliko wakati mwingine wowote, na Rozalia akamshukuru. Hizo shukrani ndizo zilizokuwa mbaya. Alizibeba mpaka chumbani kwake na hakujua aziweke wapi.

*

Dodoma ilikuwa nafasi ya mwisho. Anayetaka kwenda Michezo ya Afrika alipaswa kurusha mita sitini na mbili kabla ya saa kumi alasiri ya Jumamosi ile. Hakukuwa na Jumamosi nyingine.

Jua lilikuwa kali, uwanja umejaa nusu. Rozalia alisogea mstarini. Mama Ndekirwa alisimama kando na mkoba wake wa mafuta, muhuri umening'inia shingoni kwa uzi mwekundu. Msimamizi wa viungo, Bwana Shaweji, mtu wa Bagamoyo mwenye suti ya kahawia na adabu nyingi, alisogeza kipaza sauti karibu na bega.

"Bega la kulia la Rozalia Lohay," alisema, "je, uko tayari?"

Jukwaani watu waliinama mbele wasikie.

"Ndugu wananchi," bega likaanza, na Rozalia akafumba macho. "Ni kwa majonzi yasiyo na kifani..."

"Hapana!" Rozalia alifoka. "Hapana, hapana, hapana! Linadanganya! Mimi ndiye ninayelibeba, sina maumivu yoyote! Mama, waambie!"

Bwana Shaweji aligeuka taratibu. "Mkandaji, unapenda kuweka mikono?"

Angependa asingekuwa amezaliwa. Lakini alikwenda. Walimlaza Rozalia juu ya nyasi, pale pale, mbele ya watu elfu nne na muuza karanga mmoja aliyeegemea ukuta kutazama. Akamnyoosha mkono, akakunja kiwiko, akageuza. Nyuzi hamsini na sita. Akamwambia asukume nje dhidi ya kiganja chake. Bega likasukuma kwa uzito wa mlango wa benki. Akapitisha vidole nyuma, juu, mbele, chini ya mfupa wa mtulinga. Hakuna kitu. Hakuna hata fundo la ukubwa wa mtama.

Aliinama hadi mdomo wake ukakaribia ngozi. "Kwa nini leo?" alinong'ona. "Leo, jamani?"

"Akishinda atapelekwa kambi ya ng'ambo miezi minne," bega likanong'ona nalo, ingawa sauti ile haikuzoea kunong'ona. "Huko kuna mashine tu. Mikono minane. Sitaki minane. Nataka miwili."

Mama Ndekirwa alibaki ameinama. Kitu kile hakikuwa na moyo, na alijua hivyo. Kilikuwa punje ya haragwe inayotafuta alama. Na yeye je, mwenye moyo, alikuwa ametafuta nini miezi mitatu hii?

Akainuka, magoti yakalia. "Bega halina kitu," alisema. "Limesema uongo. Naweka muhuri."

Mnong'ono ukapita jukwaani. Bwana Shaweji akatoa fomu, ambayo ilikuwa mpya kabisa kwa kuwa haijawahi kujazwa na mtu.

"Umejuaje?"

"Nimepima. Umeona mwenyewe."

"Nimeona, mama yangu, na mikono yako naiheshimu. Lakini sheria haitosheki na kipimo cha leo. Bega linaweza kuuma bila kukakamaa. Hapa wanauliza: *je, kiungo hiki kimewahi kuthibitika kusema uongo kabla ya leo?* Kama hakijawahi, neno lake ndilo la mwisho."

Hapo ndipo palipokuwa na njia ya kupitia. Angesema hapana. Angesema, nasikitika, Rozalia, nimejaribu. Binti angelia, angemkumbatia, na wangerudi Babati pamoja, na mikono yake ingekuwa na kazi hadi mwisho wa mwaka. Rozalia alikuwa akimtazama kutoka chini, nyasi zimemganda shavuni, akimwamini kabisa.

"Kimewahi," alisema Mama Ndekirwa.

"Lini?"

"Tarehe tatu mwezi wa tano. Nilikikanda kwa kifimbo cha chapati."

Bwana Shaweji aliandika *kifimbo cha*, kisha akaacha kuandika. "Mwezi wa tano? Sasa ni wa nane."

"Ndiyo."

"Na Mbeya? Na Tabora?"

"Nilijua," alisema. "Nilijua na nikakaa kimya. Kambi ingepewa mashine."

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa. Hakuna aliyekumbuka kukizima. Maneno yale yalipanda hadi safu ya mwisho ya jukwaa, na muuza karanga akaacha kutafuna bidhaa yake. Rozalia aliinuka akakaa, taratibu, kama mtu aliyeamshwa asiyejua yuko chumba gani. Mama Ndekirwa angefurahi kama angetukanwa.

Bwana Shaweji alimaliza kuandika kwa mwandiko mzuri. "Muhuri umekubaliwa, na pingamizi limepita," alisema. "Mwanamichezo atarusha. Na muhuri huohuo, mama, naomba unikabidhi. Kwa mkandaji aliyeficha taarifa adhabu ni mwaka mmoja. Usiguse bega la mwanamichezo yeyote, wala kiwiko, wala kifundo cha mkono. Pole sana."

"Asante," alisema Mama Ndekirwa, akauvua ule uzi mwekundu.

Rozalia alikuwa na mirusho mitatu. Wa kwanza aliurusha kwa hasira: alikimbia kama anamfukuza mtu, akaukanyaga mstari, bendera nyekundu ikapanda. Wakati wote huo bega lilikuwa likitangaza, maana pingamizi lilikuwa limelinyang'anya mamlaka lakini halikulinyang'anya sauti. "Wapendwa," lilisikika likikimbia naye, "familia inaomba utulivu..."

Wa pili, mita hamsini na nane.

Kabla ya ule wa tatu alisimama muda mrefu mwanzoni mwa njia yake. Saa kubwa ya uwanja ilionyesha dakika nane kabla ya saa kumi. Mama Ndekirwa, akiwa nyuma ya kamba sasa pamoja na watazamaji, alimwona akisema kitu akiwa ameinamia bega lake la kulia. Baadaye kila mtu alimwuliza Rozalia alisema nini, na yeye hakumwambia yeyote. Bega likanyamaza. Akaanza kukimbia, hatua zikaongezeka, zikapishana, mkono ukabaki nyuma, nyuma kabisa, kisha ukaja wote kwa pamoja, mguu, kiuno, kifua, kiwiko, na mkuki ukatoka bila kelele.

Ulikaa angani hadi watu wakaanza kusimama. Ulipochoma nyasi, wapimaji walikimbia na utepe, wakainama, wakapima tena. Sitini na mbili na sentimita thelathini na moja.

Katika kelele zilizofuata, kipaza sauti kilinasa sauti nzito ya mzee wa Tanga, ikisema kwa unyenyekevu:

"Tunaomba radhi. Taarifa yetu ya awali ilikuwa na makosa."

*

Kwa siku tisa Rozalia hakumsalimia. Alipita mbele ya chumba cha kukandia akitazama mlima Kwaraa, kana kwamba mlima ndio uliomkosea. Mashine ililetwa siku ya sita. Ilisimamishwa karibu na dirisha, ikawashwa, ikapiga muziki wa dansi na kumkanda Kocha Mwakyoma kwa dakika ishirini, naye akatoka amepinda upande mmoja, akisema ilikuwa nzuri.

Siku ya kumi Mama Ndekirwa alikuwa akifunga mashuka yake ndani ya boksi. Mlango ukafunguka bila hodi.

"Mbeya nilikuwa niwe wa pili kurusha," alisema Rozalia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, na macho yake yalikuwa mekundu. "Uliniona benchi na taulo kichwani. Ukaniletea chai."

"Nilikuletea."

"Na sukari ukakumbuka ni vijiko vitatu."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema Jumatatu ile ya kwanza?"

"Nilisema nina mafua."

"Ulikuwa nayo?"

"Hapana."

Rozalia aliketi juu ya kitanda cha kukandia, akatazama magoti yake. "Sijakusamehe," alisema. "Nataka ujue, maana watu hapa wanasema ulinisaidia Dodoma. Ulinisaidia kupata kitu ambacho wewe ndiye uliyekichukua."

"Ni kweli. Sikuja kukuomba msamaha kwa sababu sioni pa kuanzia."

Bega halikutangaza chochote, jambo lisilo la kawaida. Fundi alikuja kumrekebisha Msemaji siku ya nne. Aliondoa hesabu ya alama, akaacha sauti, kwa sababu sheria inataka sauti.

"Naondoka wiki ijayo," Rozalia alisema hatimaye. "Miezi minne. Kule ni mashine kama hii hapa, na hii imenitia michubuko. Nataka unifundishe kujikanda mwenyewe."

"Siruhusiwi kukugusa."

"Sijasema uniguse. Nimesema unifundishe."

Mama Ndekirwa alifikiri. Kisha akaishika mikono yake nyuma ya mgongo, mmoja ukiwa umekamata kifundo cha mwingine, akasogea hadi kando ya kitanda. "Lalia bega la kulia. Ubavu. Si hivyo, sogea, usililalie lote. Kiwiko kiwe mbele yako, kilingane na bega. Kikunje."

"Hivi?"

"Juu kidogo. Sasa kwa mkono wa kushoto, shika kifundo, ukisukume kielekee kwenye kitanda. Taratibu. Usisukume kwa nguvu, sukuma kwa pumzi. Unatoa pumzi, unashuka. Unavuta, unasubiri."

Rozalia alisukuma. Kiwiko kikateleza, na mkono wa Mama Ndekirwa ukaruka wenyewe kutoka nyuma kwenda kukirekebisha.

"Mkono, mama!"

Akaurudisha haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Ndani ya robo saa ulitoroka mara tatu, na mara zote tatu Rozalia aliukemea bila kufungua macho. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukanda. Miaka thelathini na mbili alikuwa akiyajua mambo haya kwa vidole. Sasa ilimbidi ayatafutie maneno, moja baada ya jingine, na mengine hayakuwepo. "Hapo unapohisi kama... kama unavuta soksi iliyolowa," alisema mara moja, na Rozalia akaelewa, na kwa mara ya kwanza karibu acheke.

Walihamia ukutani. Akamfundisha kuweka mpira wa tenisi kati ya ukuta na nyama ya nyuma ya bega, kuuegemea, kuuzungusha kama anayesaga. Kisha wakarudi kitandani kwa zamu ya mwisho. Rozalia alilala ubavu, akasukuma, akatoa pumzi, akashuka zaidi kuliko mara zote. Alikuwa amepata mdundo, na alitaka kuona angeshuka kiasi gani.

"Panauma," bega lilisema.

Rozalia aliganda. Akafumbua macho, akamtazama Mama Ndekirwa. Mama Ndekirwa aliubana mkono wake nyuma. Hakuwa na vidole vya kumwambia kweli ni ipi.

"Panauma wapi?" aliuliza.

"Mbele. Chini ya mtulinga."

"Sana?"

"Hapana," lilisema bega. "Kidogo."

Nje, Kocha Mwakyoma alikuwa akipuliza filimbi, na mtu mmoja alikuwa akiburuta mikuki juu ya saruji. Rozalia alibaki amekishika kifundo chake cha mkono, nusu ya njia, akisikiliza mwili wake mwenyewe, kope zikimchezacheza.

Halafu akalegeza, kiasi cha unene wa kidole.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa sawa," bega likasema.

"Toa pumzi," alisema Mama Ndekirwa, na wakaendelea.